Walimu wa bodi katika shule za umma za Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwalimu aliyeitwa kushika darasa la mwenzake aliye likizo, aliyestaafu au ambaye nafasi yake haijawahi kujazwa. Nilifundisha kwa mkataba wa bodi ya shule kabla ya kuajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na tangu hapo wenzangu wameendelea kunipigia simu wakiuliza mambo yale yale. Msimamo wangu nautoa mapema: mwalimu wa bodi ni mwajiriwa kamili mbele ya sheria, hata kama mshahara wake unatoka mifukoni mwa wazazi, na mengi anayonyimwa hunyimwa kwa kuwa hana karatasi ya kuonyesha.

Mwalimu wa bodi ni nani hasa, na anatofautianaje na mwanagenzi?

Mwalimu wa bodi, au mwalimu wa BOM kama wengi wanavyomwita, huajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya shule. Mwajiri wake ni bodi hiyo, na mwalimu mkuu anapotia saini barua yake huwa anafanya hivyo kama katibu wa bodi. Mwanagenzi huchukuliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kwa mkataba wa mwaka 1, hulipwa posho na tume na hupangiwa shule na tume. Wapo pia walimu wa kudumu wa TSC, ambao kila mtu anawajua.

Wote watatu wanaweza kuwa chumba kimoja cha walimu, wamesoma chuo kimoja, wanafundisha somo moja katika madarasa yanayopakana. Mwanafunzi hajui tofauti yao. Tofauti huonekana mwisho wa mwezi.

Kama TSC ndiyo mwajiri wa walimu, kwa nini shule zinaajiri tena?

Kwa sababu walimu wa tume hawatoshi, na upungufu huo una historia. Serikali ilisitisha uajiri wa jumla wa walimu mwaka 1998. Kwa miaka mingi baada ya hapo walioajiriwa walikuwa hasa wa kuziba nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa bila malipo, na idadi ya watoto katika shule za msingi ikaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Watoto waliongezeka, walimu wakabaki walewale. Sera ya kila mtoto kuvuka kwenda sekondari, iliyotiliwa mkazo tangu 2018, ilihamishia msukumo huo kidato cha kwanza. Kisha Januari 2023 sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9, ndani ya shule za msingi) ikaanza na Gredi ya 7, ikihitaji walimu wa masomo ambayo shule nyingi za msingi hazikuwahi kuwa nayo.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: likizo. Mkataba wa pamoja wa TSC na vyama vya walimu wa 2021 hadi 2025 uliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi 120. Ni jambo jema, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini siku 120 ni zaidi ya muhula mzima, na kwa kawaida tume haitumi mtu wa kushika nafasi hiyo. Mwalimu wa Kemia wa kidato cha nne akienda kujifungua mwezi Mei, ama bodi itafute mtu, ama watahiniwa wakae bila Kemia mpaka karibu na mtihani.

Nahitaji vyeti gani?

Sharti la kwanza ni usajili wa TSC. Sheria ya TSC ya 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa, na haisemi kwamba walimu wa bodi wameachwa nje. Ukiwa na nambari ya TSC unaweza kuajiriwa na bodi. Usipokuwa nayo, shule inayokuchukua inajitia hatarini pamoja nawe.

Ili usajiliwe uwe umesomea ualimu. Kwa shule ya msingi ni cheti cha P1 cha zamani au diploma iliyokuja baada yake, na alama ya wastani ya C katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Kwa sekondari ni diploma ya ualimu au shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia. Wa shahada huhitaji C+ ya wastani na C+ katika masomo hayo mawili. Mwenye shahada ya kawaida ya sayansi au ya fasihi hutakiwa kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu.

Maombi hufanywa mtandaoni. Andaa kitambulisho, nambari ya mlipakodi ya KRA, vyeti vyote pamoja na nakala za matokeo ya chuo, picha ya pasipoti, fomu ya daktari na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Kama jina lililo kwenye cheti cha KCSE linatofautiana hata kwa herufi na la kitambulisho, pata hati ya kiapo mapema. Nimeona watu wakikwama kwenye jambo hili dogo huku nafasi ikichukuliwa na mwingine.

Nimemaliza kidato cha nne na nina A ya Hisabati. Naweza kufundisha nikisubiri chuo?

Hapana. Zamani ilikuwa kawaida, na wapo walimu wazuri sana walioanza hivyo. Sasa ni kosa kisheria. Unaweza kusaidia katika maktaba, maabara au michezo ikiwa shule inakuhitaji, ila usikabidhiwe darasa.

Nafasi hizi hutangazwa wapi?

Ubao wa matangazo wa shule, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, makundi ya WhatsApp ya walimu, na zaidi ya yote mdomo wa mwalimu aliye ndani. Peleka maombi yako kwa mkono wiki mbili za mwisho za muhula, kwa kuwa wakati huo mwalimu mkuu anajua nani hatarudi. Taja masomo yako mawili na nambari yako ya TSC kwenye sentensi ya kwanza ya barua. Na asikudanganye mtu kwamba nafasi ya bodi hununuliwa. Anayeitisha pesa ili akuingize anakuibia.

Mwalimu mkuu ameniambia tu, "Njoo uanze Jumatatu." Inatosha?

Jumatatu nenda. Ila usimalize wiki bila barua.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi lazima uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Inaongeza jambo ambalo walimu wengi hawalijui: kukiwa na kesi na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Kwa hiyo hata ukinyimwa barua huna haja ya kukata tamaa. Weka kumbukumbu zako.

Barua nzuri ina jina la bodi kama mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe au tukio la kumalizika (kwa mfano, kurejea kwa mwalimu aliye likizo), masomo na idadi ya vipindi kwa wiki, mshahara kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kulipwa, iwapo miezi ya likizo za shule inalipwa, na muda wa notisi. Hayo yote yanaingia katika ukurasa mmoja.

Wengi huona aibu kuiomba, wakiogopa kuonekana wakaidi kabla hata ya kuzoea njia ya kwenda chumba cha walimu. Unaweza kuomba kwa heshima bila kubishana na mtu: "Mwalimu, nashukuru sana kwa nafasi. Naomba barua ya bodi ili niiweke kwenye faili yangu ya TSC." Hakuna mwalimu mkuu wa maana anayekasirishwa na ombi hilo. Barua ikichelewa, tuma ujumbe mfupi wa simu unaotaja mlichokubaliana: "Naanza leo, vipindi 24, shilingi kadhaa kwa mwezi kama tulivyozungumza." Akijibu "Sawa", ujumbe huo uhifadhi.

Nitalipwa kiasi gani?

Hakuna kiwango cha taifa. Kila bodi hupanga kulingana na mfuko wake, na ndiyo maana shule mbili zinazotazamana barabarani zinaweza kulipa viwango tofauti kabisa kwa kazi ileile. Shule kubwa ya bweni yenye wanafunzi wengi hulipa vizuri kuliko shule ndogo ya kutwa ambako wazazi wenyewe wanahangaika.

Kwa kulinganisha, posho ya unagenzi ya TSC imekuwa KSh 15,000 kwa mwezi shule ya msingi na KSh 20,000 sekondari na sekondari msingi, kabla ya makato. Walimu wengi wa bodi hawafikii hata kiwango hicho cha chini. Nalisema wazi kwa sababu ni aibu kwetu sote: mtu aliyesoma miaka minne chuoni anasahihisha insha za wanafunzi 60 usiku, halafu asubuhi anafikiria kama atapanda boda au atembee.

Unapojadiliana, uliza maswali mawili kabla ya kutaja kiasi. Pesa hizi zinatoka kwenye mfuko upi? Na je, muhula uliopita walimu wa bodi walilipwa kwa wakati? Jibu la swali la pili lipate kwa walimu wenyewe. Ni afadhali KSh 10,000 inayoingia kila tarehe 5 kuliko KSh 14,000 ya ahadi.

Kwa nini sikulipwa Aprili na Agosti?

Kwa sababu shule nyingi hulipa walimu wa bodi kwa miezi ya masomo pekee. Katika shule moja niliyofundisha, mhasibu alikuwa na daftari la rula tunalotia saini tukipokea mshahara, na ukurasa wa Aprili ulirukwa tu, kana kwamba mwezi huo haukuwepo kwenye kalenda. Kodi ya nyumba haikurukwa.

Je, ni halali? Inategemea mkataba. Kama mkataba wako ni wa kila muhula, una mwanzo na mwisho na umeutia saini, likizo iko nje yake. Kama umeajiriwa bila tarehe ya mwisho na unalipwa kila mwezi, mambo ni mengine: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi 1 huhesabiwa kisheria kuwa na mkataba wa mwezi, na baada ya miezi 2 mfululizo hupata haki za mwajiriwa wa kawaida. Likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi kwa malipo ni mojawapo. Ukiondoka kabla ya mwaka kutimia, lakini baada ya miezi 2 au zaidi, unadai siku 1.75 kwa kila mwezi uliofanya kazi.

Uliza hili kabla ya kuanza. Walimu wengi hulijua Aprili yenyewe ikishafika.

Ni makato gani halali kwenye mshahara wangu?

NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya jamii ya SHA kwa asilimia 2.75 ya mshahara, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Kwa NSSF na ushuru wa nyumba mwajiri naye anatakiwa kuongeza sehemu sawa na yako. Ukikatwa, hakikisha pesa zimefika: ingia kwenye akaunti yako ya NSSF na ya SHA uangalie. Makato yasiyofika yanaumiza zaidi siku uliyolala hospitalini. Unastahili pia karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kato.

"Mchango wa mazishi," "pesa za sherehe ya walimu" na mengine ya aina hiyo hayakatwi bila idhini yako.

Nikiwa mjamzito au mgonjwa, mkataba wangu umekwisha?

Hapana. Sheria ya Ajira inampa mwajiriwa wa kike miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na wa kiume wiki 2. Mwandikie mwajiri angalau siku 7 kabla. Zile siku 120 nilizozitaja juu ni za walimu wa TSC chini ya mkataba wao wa pamoja, hazikuhusu moja kwa moja. Kwa ugonjwa, baada ya miezi 2 ya kazi mfululizo unastahili siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, ukiwa na cheti cha daktari.

Kumwachisha mwalimu kazi kwa kuwa ni mjamzito ni kinyume cha sheria hata kama aliajiriwa na bodi wiki iliyopita.

Nimeingia darasa la mtu mwingine katikati ya muhula. Nianzie wapi?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna chuo kilichonifundisha hili.

Utakabidhiwa azimio la kazi, rekodi ya kazi na labda alama za mtihani wa mwisho. Zisome, kisha uziweke kando na uombe daftari tano: za wanafunzi wawili wa juu, wawili wa katikati na mmoja anayekosa shule mara kwa mara. Rekodi ya kazi huonyesha kilichofundishwa, daftari huonyesha kilichoeleweka. Niliwahi kupokea kidato cha pili ambacho rekodi ilisema wamemaliza milinganyo sambamba. Kwenye daftari zote tano mifano ya ubaoni ilikuwa imenakiliwa vizuri kabisa, na maswali ya zoezi yalikuwa yameachwa wazi kuanzia la tatu. La tatu ndilo lilikuwa la kwanza lenye namba ya chini ya sufuri. Kumbe shida yao ilikuwa kutoa namba hasi, jambo la darasa la nyuma. Siku mbili nilizotumia kurudi huko ziliokoa muhula.

Siku ya kwanza fundisha somo halisi. Usitumie kipindi kizima kujieleza wala kutisha. Wanafunzi wanampima mwalimu mgeni kwa jambo moja: anajua anachofanya au anapoteza wakati? Jifunze majina mapema, na ukikosa yote anza na ya safu ya nyuma.

Usimseme vibaya mwalimu aliyekutangulia, hata kwa utani. Atarudi, na wanafunzi watamwambia. Mpigie simu ikiwezekana, umuulize maswali matatu: nani anahitaji kuangaliwa kwa karibu, mada ipi aliikimbiza, na wamezoea kusahihishiwa vipi. Walimu wengi walio likizo hufurahi sana kuulizwa. Darasa lile bado ni lao moyoni.

Na uandike kila kitu. Andalio la somo, rekodi ya kazi, alama. Utakapoondoka utamwachia mwenzako njia, na utakuwa na ushahidi wa kazi yako.

Nimepewa zamu, klabu, mabweni na michezo juu ya vipindi vyangu. Naweza kukataa?

Zamu ya wiki na klabu moja ni sehemu ya maisha ya shule, nami nakushauri uvikubali. Utawajua wanafunzi huko kuliko darasani. Kinachokera ni pale mwalimu wa bodi anapogeuzwa kuwa wa kubebeshwa kila kazi ambayo wa kudumu hawaitaki: usomaji wa alfajiri, Jumamosi, kukesha mabweni, kwa mshahara uleule. Kama barua yako inataja idadi ya vipindi, una pa kusimamia. Zungumza na naibu wa mwalimu mkuu kwa utulivu ukiwa na ratiba yako mkononi, mhesabu pamoja. Wakati mwingine hakuna aliyejua mzigo umefika hapo.

Nidhamu nishike vipi? Wengine wanatumia kiboko.

Usiguse kiboko. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya kisaikolojia, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi KSh 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Mwalimu wa kudumu akishtakiwa ana chama; wewe mara nyingi utasimama peke yako. Lakini hata pasingekuwa na sheria, darasa linalotulia kwa kuogopa fimbo huvurugika siku mtu asiye na fimbo anapoingia, na huenda mtu huyo ni wewe.

Kuhusu mipaka na wanafunzi, hakuna mjadala. Kanuni za maadili za TSC zinambana kila mwalimu aliyesajiliwa, awe wa bodi au wa kudumu, na anayefutwa kwenye rejista kwa kumdhulumu mtoto kingono hafundishi tena popote, mbali na kesi ya jinai. Ukiona au ukisikia mtoto anadhulumiwa, una wajibu wa kuripoti. Kusema "mimi ni wa muda tu" hakukuondolei wajibu huo.

Nikiumia kazini?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inakuhusu. Mwarifu mwalimu mkuu kwa maandishi siku hiyohiyo, pata ripoti ya daktari, na taja walioshuhudia. Haki ya fidia hupotea mwajiri asipoarifiwa ndani ya miezi 12. Walimu wa maabara, karakana na michezo wazingatie hili zaidi.

TSC imetuma mwalimu wa somo langu. Nitafukuzwa bila notisi?

Kama mkataba una tarehe ya mwisho, unaisha tarehe hiyo. Kama huna tarehe na unalipwa kwa mwezi, unastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake. Na ikiwa bodi inafuta nafasi yenyewe baada ya wewe kuishikilia kwa miaka, hiyo ni kupunguzwa kazini: notisi ya mwezi 1 kwako na kwa afisa wa kazi, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Nimewaona walimu wakiambiwa kwenye korido, kati ya kipindi cha tatu na cha nne, kwamba kesho wasije. Wanafunzi hawakuagwa. Omba angalau kipindi kimoja cha kuwaaga na cha kukabidhi rekodi. Wanafunzi pia wana haki ya kujua mwalimu wao ameenda wapi.

Niache bodi niende unagenzi?

Mara nyingi, ndiyo. Wanagenzi wamekuwa wakipewa nafasi ya mbele tume inapoajiri wa kudumu. Wale wa sekondari msingi, takriban 46,000, waliingizwa kwenye ajira ya kudumu Januari 2025, baada ya mgomo mrefu wa 2024 na kelele nyingi Bungeni. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwachukua walimu waliokwisha kusajiliwa kama wanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Tume ikakata rufaa, na uajiri wa wanagenzi ukaendelea.

Naona uamuzi ule wa mahakama ulikuwa sahihi. Mtu aliyehitimu, akasajiliwa na kukabidhiwa darasa zima hajifunzi kazi, anaifanya. Hata hivyo ushauri wangu kwa aliye na njaa leo ni kuchukua barua ya tume ikija. Soma masharti kwanza: unaweza kupelekwa kaunti yoyote, na matangazo yamekuwa yakidai ujikatie bima ya ajali binafsi. Kama ulipo sasa unalala kwa wazazi, na unagenzi utakupeleka mbali ukalipe kodi, piga hesabu ya KSh 17,000 hivi baada ya makato kabla ya kufunga sanduku.

Miaka ya bodi inanisaidia TSC inapoajiri?

Usiitegemee. Kila tangazo la tume huja na mwongozo wake wa alama, na mwaka wa kuhitimu pamoja na vyeti umekuwa na uzito mkubwa. Soma mwongozo wa tangazo lenyewe, achana na uvumi. Miaka hiyo inasaidia kwa njia nyingine: kwenye mahojiano, swali la "ungefanya nini mwanafunzi akikataa kufanya kazi" unalijibu kwa kumbukumbu, mwenzako analijibu kwa nadharia.

Naweza kujiunga na chama?

Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Vyama vya walimu vya KNUT na KUPPET hushughulikia zaidi waajiriwa wa TSC, lakini ofisi za tawi hutoa ushauri kwa walimu wa bodi pia. Pitia hapo ujitambulishe kabla hujapata shida.

Mimi ni mzazi. Nalazimika kulipa pesa za walimu wa bodi?

Sheria ya Elimu ya Msingi inakataza karo ya masomo katika shule za umma. Michango mingine huhitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa kukosa kuilipa. Kwa hiyo kumfukuza mtoto kwa sababu hiyo ni kosa.

Nakuomba pia ulitazame upande wa pili. Ukiweza kuchanga, changa, kisha hudhuria mkutano wa wazazi udai hesabu: zilikusanywa ngapi, walimu wangapi walilipwa, na mwezi gani. Wazazi wana wawakilishi 6 kwenye bodi. Watumieni.

Sijalipwa miezi mitatu. Nifanye nini?

Anza na barua kwa katibu wa bodi, yaani mwalimu mkuu, ukitaja miezi na kiasi. Pata nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Subiri wiki mbili. Kimya kikiendelea, peleka nakala kwa mwenyekiti wa bodi na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, halafu uende kwa afisa wa kazi wa kaunti, ambaye hupokea malalamiko bila malipo na anaweza kumwita mwajiri. Wengi hulipwa hapo, kwa kuwa hakuna shule inayopenda barua kutoka ofisi hiyo.

Ikishindikana kuna mahakama. Madai ya mwajiriwa ambaye mshahara wake hauzidi KSh 80,000 kwa mwezi yanaweza kusikilizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za ajira, bila kulazimika kwenda mbali. Una miaka 3 tangu haki yako ilipovunjwa, na muda huo haurefushwi kwa sababu uliahidiwa kwamba "pesa ziko njiani."

Ushahidi unaohesabika ni barua, ujumbe wa simu, taarifa za M-Pesa au benki, ratiba yenye jina lako, rekodi ya kazi uliyotia saini. Piga picha ya ratiba kila muhula inapobandikwa.

Nikiondoka, nidai nini?

Mshahara wote unaodaiwa, malipo ya siku za likizo ulizokusanya, na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukupa kisheria kikionyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kazi uliyofanya. Barua ya mapendekezo ni hiari yao. Cheti ni haki yako. Kichukue kabla bodi haijabadilika, kwa sababu wajumbe huhudumu kwa miaka 3, mwalimu mkuu naye huhamishwa, na atakayekuja hatakuwa anakujua.